Saa ya Kuonjwa

Taa ya kijani iliwaka kwenye bangili ya Limi wakati uchungu umeshamkolea, na wote waliokuwamo katika zahanati ya Mwabusiga wakaiona. Muuguzi, Sista Perpetua, aliacha alichokuwa akifanya, akaushika ule mkono na kuugeuza kwenye mwanga wa dirisha ili ahakikishe. Halafu akamwambia mama yake Limi, kwa sauti ya mtu aliyeletewa zawadi, kwamba kura ya leo imemwangukia binti yake. Kwa saa nzima Rais wa Shirikisho angekuwa ndani ya mwili wa Limi.

Mama yake Limi aliitwa Nyanjige Lubango. Alikuwa mjane, mkamuaji wa mafuta ya alizeti, mwanamke mrefu asiyependa kubishana na watu. Mashine ya kukamulia ilimkata vidole viwili vya mkono wa kulia alipokuwa bado msichana, na vile vilivyobaki vilikuwa vimekakamaa vikawa vigumu kama kuni. Hakuwa mtu wa kuwapenda wakubwa, lakini sheria hii aliipenda. Mumewe aliuawa kwenye lambo katika miaka ya ukame, wakati mikoa ilipokuwa ikipigania maji kwa mapanga na bunduki, na vita vile viliisha kwa sharti moja tu: yeyote atakayetawala aonje. Kila raia akavishwa bangili. Kila siku kura ingemchagua mmoja wao, popote alipo, na kiongozi wa nchi angeubeba mwili wa mtu huyo kwa saa moja, apende asipende.

Hata watoto wa darasa la kwanza walijua namna ilivyofanya kazi. Bangili inasoma mishipa ya fahamu ya aliyeivaa, minara inayapeleka yale yaliyosomwa mpaka Ikulu, na kipokezi kilichopandikizwa kisogoni mwa Rais kinayageuza kuwa yake. Haipeleki mawazo, haipeleki picha wala maneno. Inapeleka mwili: njaa, kiu, joto, jino linalouma, uzito wa ndoo kichwani, mkono wa mtu aliyekugusa.

Mtoto alitoka salama, wa kike, akalia papo hapo. Kondo la nyuma halikutoka. Sista Perpetua alijaribu alivyofundishwa, na damu ikaanza kumwagika kwa namna ambayo Nyanjige hakuwahi kuiona, ingawa alikuwa amewazalisha wanawake wengi wa kitongoji chake. Muuguzi akaomba damu kwa mtambo wa wilaya, iletwe kwa droni. Mtambo ukajibu kwamba ombi limepokelewa na liko kwenye foleni. Akaomba tena. Jibu likawa lile lile.

Nyanjige hakushtuka sana, na jambo hilo lilikuja kumuuma kuliko mengine yote. Alijiambia kwamba Rais anaisikia damu hii ikitoka. Anausikia ubaridi huu ukipanda miguuni. Neno lake moja tu lingeiondoa ile droni kwenye foleni, na hakuna binadamu anayeweza kusikia anakufa akakaa kimya. Akaweka kiganja chake chenye vidole vitatu juu ya paji la uso la mwanawe, kisha akakishika kiganja cha Limi, akakibana, akaachia, akakibana tena. Alikuwa anabisha hodi. Alijua maneno hayafiki, ila alijua mkono unafika.

Alibisha mpaka taa ya kijani ikazimika. Ndipo bangili ikatoa ile sauti nzito, ya upole, ambayo nchi nzima iliifahamu.

"Ndugu yangu, nimekuonja. Asante kwa kunibeba."

Limi alikuwa bado hai alipoisikia. Alimtazama mama yake kama anayetaka kuuliza kitu, halafu hakuuliza. Droni ya damu ilitua uwanjani wakati wanawake wanamwosha.

* * *

Siku ile ile jioni televisheni zote zilimwonyesha Rais Severini Kagoma akitolewa katika Chumba cha Kuonjea kwa kiti cha magurudumu, jasho likimtiririka, midomo imekauka. Hakuweza kusema. Watu walilia mijini na vijijini. Hakuna kiongozi duniani, walisema watangazaji, aliyewahi kuubeba uchungu wa mwanamke mpaka kwenye mlango wa kifo. Majirani wa Nyanjige walikuja matangani wakampa pole, na katika pole ile mlikuwa na pongezi kidogo. Alipoletewa mwaliko wa kwenda Ikulu kupokea rambirambi mbele ya taifa, walimshonea kitenge kipya.

Alikwenda. Alimwacha kichanga kwa wifi yake aliyekuwa ananyonyesha, akapanda treni ya serikali, na njia nzima alikuwa na swali moja tu kifuani. Hakutaka rambirambi. Alitaka kumtazama yule mtu machoni na kumuuliza: ulisikia, kwa nini hukutuma?

Aliyempokea alikuwa mwanamke wa Kizanzibari, Bi. Salme Jecha, msimamizi wa matangazo ya Ikulu. Alimpa shikamoo, akamkalisha, akamletea chai yeye mwenyewe, na akamweleza kwa heshima zote yatakayofanyika. Angepanda jukwaani. Rais angemshika mkono na kusema alichokisikia. Yeye angejibu kwa maneno machache, na kama machozi yangemjia asiyazuie. Nyanjige akauliza ni wakati gani angeweza kumuuliza Rais jambo. Bi. Salme akatabasamu kwa huruma, akasema katika ratiba hii hapana nafasi ya maswali, mama.

Wakaenda kufanya mazoezi. Jukwaa lilikuwa na ngazi fupi zisizo na kishikio, na pembeni yake alisimama askari wa walinzi wa Ikulu, koplo, kijana mwenye mabega mapana ila uso umemchakaa kama wa mgonjwa. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia wageni kupanda. Alinyoosha mkono, Nyanjige akampa wake wa kulia.

Koplo hakumpandisha. Alisimama pale pale, amekishika kile kiganja, na macho yake yakashuka taratibu mpaka kwenye vidole vitatu. Kwa mkono mwingine akashika ukingo wa jukwaa. Bi. Salme aliuliza kwa mbali kama kuna tatizo. Koplo akasema mama amepata kizunguzungu, anampeleka akapate hewa, na akamtoa kwa mlango wa nyuma kabla yeyote hajasogea.

Nje palikuwa na bustani ya mboga ya jikoni. Koplo aliomba, kwa adabu, aushike ule mkono tena. Nyanjige alidhani kijana ana ugonjwa wa akili, lakini alikuwa na umri wa watoto wake, akampa. Koplo akauweka kwenye paji la uso wake, akafumba macho. Kisha akaushusha na kuubana, akaachia, akaubana tena.

"Ulikuwa unabisha hodi," alisema.

Nyanjige hakuwa amemwambia mtu yeyote habari ile. Hata Sista Perpetua aliyesimama kando ya kitanda hakujua. Mkono ule aliupeleka kwa mtu mmoja tu.

"Wewe ni nani?" akamuuliza.

"Naitwa Yoramu Chiwanga. Mimi ndiye niliyekuwa naye, mama. Mimi ndiye niliyezaa."

Alimweleza yote wakiwa wamesimama kati ya matuta ya mchicha. Rais alionja mwenyewe katika mwaka wake wa kwanza. Baada ya hapo kipokezi kilitolewa kisogoni mwake kwa siri na kupandikizwa kwa Yoramu, aliyeambiwa kwamba ni huduma kwa nchi yake kama huduma nyingine yoyote ya askari. Tangu wakati huo ni yeye aliyelazwa kila siku katika Chumba cha Kuonjea. Alishakuwa mzee asiyeweza kukojoa, mtoto mwenye malaria, mchimba kokoto aliyevunjika mguu. Jasho lililoonekana kwenye televisheni lilinyunyizwa.

Siku ya Limi alitambua anakufa. Aliwaambia madaktari waliomzunguka, kwa meno yaliyoumana, kwamba mwanamke huyu anatokwa damu, mtafuteni, mpeni damu. Wakamjibu kwamba kanuni hairuhusu mwonjaji kuingilia. Akawaomba wamwite Rais. Rais alikuwa kwenye kikao, na hapana aliyetaka kumtoa kikaoni kwa ajili ya kura ya siku. Kisha akausikia ule mkono ukibisha, na hakuwa na namna ya kuufungulia.

Nyanjige hakulia. Alikuwa amekuja na hasira aliyoweza kuibeba, ya mtu aliyeachwa na anayemjua. Sasa ilikuwa kitu kingine. Alikumbuka namna alivyokuwa mtulivu pembeni ya kitanda, namna alivyompunguzia hata Sista Perpetua wasiwasi kwa kumwambia Rais yupo. Walikuwa wamemwibia hata hofu yake. Angekuwa na hofu angepiga kelele, angetoka mbio barabarani, angetafuta gari.

Alimuuliza Yoramu kama ameshamwambia mtu mwingine. Alisema hapana, na kwamba akisema atafungwa maisha. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye ni askari, maumivu hayaogopi. Kilichomshinda ni ule mkono.

* * *

Rais alimpokea katika chumba kidogo kabla ya matangazo, kama desturi ilivyokuwa, wakiwa wao wawili tu, na Bi. Salme mlangoni. Alikuwa mtu mfupi, nadhifu, macho yamechoka kwa kusoma. Aliinuka, akamwendea, akauchukua mkono wake wa kulia kwa mikono yake yote miwili na kumpa pole. Aliushika kwa muda mrefu.

"Mheshimiwa Rais," alisema Nyanjige, "unaujua mkono huu?"

Rais aliutazama. "Huu ni mkono wa mama aliyefanya kazi maisha yake yote," akasema. "Nimeisikia mikono ya namna hii mara nyingi."

Nyanjige akauondoa. Akamwambia kwamba mkono huu ulikaa kwenye paji la uso la mwanawe katika ile saa, kwamba ulimwita, na kwamba aliyeusikia yuko hapo nje amevaa sare. Bi. Salme aligeuka mlangoni kama aliyechomwa. Ilionekana wazi kwamba hata yeye alikuwa hajui.

Rais hakukana. Alirudi kwenye kiti chake, akamwomba Bi. Salme afunge mlango abaki ndani, akamwomba Nyanjige akae. Nyanjige alibaki amesimama. Basi akamweleza, na kwa kuwa alikuwa mtu mwenye akili alieleza vizuri. Mwaka ule wa kwanza alionja kiu ya mchungaji mmoja wa nyanda za magharibi, na alipotoka hakuweza kufikiri kitu kingine. Aliyapeleka magari yote ya maji kule. Kusini wakakosa, wakafa watu wengi zaidi, na vijana wa kusini wakachukua tena mapanga. Baada ya hapo ikawekwa kanuni ya ndani ya Ikulu kwamba mwonjaji asiingilie, kwa sababu nchi haiwezi kuendeshwa na maumivu ya mtu mmoja aliyeangukiwa na kura. Na kama haruhusiwi kuingilia, alisema, nini faida ya kulazwa kila siku akitapika, halafu aende kupanga bajeti ya maji ya mamilioni ya watu? Aliamua kichwa chake kibaki kizima. Tangu wakati huo vifo vya kiu vimepungua kila mwaka. Lakini watu wanaishi kwa amani kwa sababu wanaamini ile saa. Ikivunjika imani hiyo, mikoa itakumbuka ilikoacha silaha.

"Wewe unaikumbuka miaka ile, mama," alisema. "Nimesoma habari za mumeo."

Hilo lilimgusa, na alichukia kwamba limemgusa. Aliyakumbuka mapanga. Alimkumbuka mumewe alivyoletwa juu ya mlango wa mtu uliong'olewa. Nyumbani kulikuwa na kichanga ambacho hakijapewa hata jina, na kama vita vingerudi vingekikuta hakijajua kutembea. Kama angesema, damu ya watu ingeweza kuwa juu yake. Kama angenyamaza, kesho kungekuwa na mama mwingine, mahali pengine, aliyekaa ametulia pembeni ya kitanda kwa sababu taa ya kijani inawaka.

Rais alimsoma usoni, akasogea karibu. Alisema anajua amemkosea, na kwamba hana cha kumrudishia. Lakini kipo kitu kimoja. Kipokezi cha akiba kipo. Madaktari wangeweza kumwekea sasa hivi, cha muda, na kwa ile bangili ambayo Nyanjige tayari alikuwa ameivaa, Rais angeibeba saa yake. Angeyasikia yote aliyokuwa nayo mwilini: kifua kisichopanda, tumbo lisilokubali chakula, mikono iliyomwosha mwanawe. Kwa kweli safari hii, bila kamera. Kisha wangetoka pamoja jukwaani, na Nyanjige angerudi nyumbani bila kusema neno.

Nyanjige aliitaka saa ile. Aliitaka kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji, na hakujificha nafsini mwake kwamba anaitaka. Akilini alimwona amelala chini, suti imekunjamana, akijua.

"Ningependa uumwe," alisema. "Sikufichi. Lakini ukishaumwa utainuka hapo, utajipangusa, utajiona umenimaliza. Na mimi nitakuwa nimekuuzia mwanangu."

"Sijasema hivyo, mama."

"Mimi sikuwa nataka uumwe, Mheshimiwa. Siku ile sikutaka uumwe hata kidogo. Limi alikuwa anaumwa vya kutosha. Nilitaka droni. Askari wako aliwaambia watu wako mtu anakufa, kwa mdomo, kwa Kiswahili, na wewe ulikuwa kwenye kikao. Kuinuka kwenye kikao kunahitaji kipokezi?"

Rais alianza kumweleza tena habari za kusini. Nyanjige akamkatiza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mtu yeyote mwenye cheo. Akasema habari za kusini amezisikia na anaziamini. Labda alikuwa na haki ya kukitoa kile kidude kisogoni. Basi angetoka akawaambia watu kwamba kimemshinda, kwamba kinamfanya akose hukumu, wakatafuta njia nyingine pamoja. Wangekasirika, wangemtukana, wangeelewa. Badala yake alimlaza mtoto wa watu mahali pake, akajinyunyizia maji usoni, akaja kulia mbele yao.

"Kila siku unatuambia umetuonja," alisema. "Hata kutuambia huji kungetuachia nafasi ya kujitafutia msaada wenyewe. Wewe ulituambia umeshakuja."

Alifungua mlango mwenyewe akatoka.

* * *

Matangazo yalianza kwa wakati wake. Bi. Salme angeweza kuyaahirisha, na hakuyaahirisha. Baadaye alisema hajui kwa nini, labda alitaka kuona. Rais alikaa upande mmoja wa jukwaa. Yoramu alikuwa kwenye ngazi, na safari hii alimpandisha Nyanjige mpaka juu, akabaki amesimama nyuma yake, jambo lisilokuwamo kwenye ratiba.

Rais akasema maneno yake ya kwanza ya pole. Ilipofika zamu yake, Nyanjige alitazama ile kamera yenye taa nyekundu, akasema jina lake na kwao, kisha akasema kwamba aliyemwonja binti yake ni huyu kijana, siyo Rais, na ndivyo ilivyo kwa miaka yote hii.

Fundi wa mitambo alimtazama Bi. Salme, mkono ukiwa juu ya kitufe cha kukata. Bi. Salme akamtazama Rais. Watu wengi wameshaulizana sana juu ya dakika ile. Kilichotokea ni kwamba Rais alitikisa kichwa kukataa, mara moja, kidogo tu, na fundi akauondoa mkono wake.

Basi Nyanjige akaendelea. Alieleza bila kupamba. Alieleza ile droni na foleni, alieleza jinsi Yoramu alivyowaomba, alieleza hata hoja ya Rais kuhusu magari ya maji, kwa sababu aliona ni haki watu waisikie. Halafu sauti yake, iliyokuwa tulivu, ikapanda.

Aliwaambia watu wa kusini na wa magharibi kwamba anajua sasa hivi wameshasimama. Alisema mumewe alikufa katika kusimama kwa namna hiyo, na yeyote atakayechukua panga kwa ajili ya Limi atakuwa amemwua mara ya pili. Akasema kama wanataka kufanya kitu, wavue bangili. Wavue tu, waziweke mezani. Mwenye mgonjwa ndani asingoje kusikiwa na mtu aliye mbali. Atoke akaite jirani, akaite dereva, ampigie kelele mkuu wa wilaya mpaka aamke. Na serikali ikitaka kujua raia anaumwa wapi, ije imuulize.

Akaivua ya kwake. Ilikuwa imebana kwa miaka mingi, na kwa vidole vitatu haikutoka kwa urahisi. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Nchi nzima ilimngoja mpaka ikatoka.

* * *

Vita havikurudi, ingawa haikuwa mbali. Minara kadhaa ilichomwa, na katika mji mmoja wa kusini askari na vijana walitazamana siku kadhaa kabla ya pande zote kwenda nyumbani. Bangili zilijaa mezani kwa makatibu tarafa mpaka zikakosa pa kuwekwa. Rais Kagoma alijiuzulu kabla ya masika, kwa hotuba fupi ambamo hakulia. Yoramu alishtakiwa kwa kutoa siri za dola. Nyanjige alisafiri tena kwenda kumtolea ushahidi, na mahakama ya jeshi ikamwachia, bila sare na bila kiinua mgongo. Madaktari wawili waliomwambia kanuni hairuhusu bado wanafanya kazi. Nyanjige huwa anawataja majina kila anapoulizwa, na wahariri huyaondoa.

Mwaka uliofuata Tume ya Sheria Mpya ilipita mikoani kuuliza raia kiongozi wa nchi awe mtu wa namna gani. Walifika mpaka Mwabusiga, wanasheria wawili, mwanamume na mwanamke, na mashine ya kurekodi sauti. Wakakaa na Nyanjige kibarazani kwake karibu na mtambo wa alizeti.

Mwanamume alikuwa ameandaa pendekezo na alilieleza kwa furaha. Kipokezi kipya kisichoweza kutolewa, chenye lakiri za kila mkoa, kikilia chenyewe kama kimeguswa. Hapo hakuna Rais atakayeweza kudanganya tena. Alimuuliza kama anaridhika.

Nyanjige alisema kwa hiyo hawakuelewa kitu. Walikuwa bado wanatafuta mtu wa kumtia maumivu, kana kwamba shida ya nchi hii ni uhaba wa watu wanaoumwa. Alisema yeye hakai usiku akitamani kiongozi ajue kilivyo kifo cha Limi. Hakijui hata yeye, na alikuwa amemshika. Yule kijana Yoramu alikijua, na kujua kwake hakukumwokoa mtu, kwa sababu waliokuwa na uwezo wa kutuma walikuwa chumba kingine. Alisema anataka kiongozi asiyedanganya kuhusu alichokifanya na ambacho hakukifanya. Na anapoambiwa kuna mtu—

Hakumaliza. Kelele zilitoka ng'ambo ya njia, kwa jirani yake Ng'wana Kulwa: mjukuu wa watu amemwagiwa uji wa moto. Nyanjige alishaondoka kibarazani kabla jina halijatamkwa lote, kanga ikimvuka bega, akipiga ukelele kumwita mwenye pikipiki. Yule mwanasheria mwanamke aliinuka akamfuata. Mwenzake alibaki kwenye kiti, mashine ikiwa bado inarekodi, na sauti iliyonaswa baada ya hapo ni ya kuku na ya watu wanaoitana kwa mbali.

Nyanjige alirudi baada ya muda mrefu, kitenge kimelowa, amemsindikiza mtoto mpaka zahanati. Yule mwanamume alimwomba radhi kwa usumbufu, akasema walikuwa wamefika katikati ya sentensi, kama angependa kuimalizia.

Nyanjige alikuwa ananawa mikono. Akasema ameshamaliza.